Wa Kwanza Kusoma Kwetu

Dada Leokadia tulimzika kwao Zagayu, msimu wa kuvuna pamba, nyuma ya nyumba aliyomjengea mama yake. Benki ilileta basi zima la watu, wanaume waliovaa suti nyeusi na wanawake waliovua viatu vya visigino na kuvaa kandambili walipoiona njia ya kwenda kaburini. Mimi nilipewa wasifu wake wa kazi niusome. Niliusoma kama ulivyoandikwa: alianza kaunta, akawa ofisa mikopo, akawa meneja wa tawi, akahamishwa huku na kule, akaugua akiwa karibu kustaafu. Nilipoinua macho nilimwona Masanja, mwenzangu wa siku zile, amesimama kwenye kundi la wanaume, mvi zimemtapakaa, akitikisa kichwa taratibu, nikajua anawaza ninachowaza mimi. Wasifu ule haukuwa na ule mwaka wetu. Baada ya chakula tulijitenga pembeni ya zizi tukaanza kuukumbuka, na tulicheka mpaka shangazi mmoja wa marehemu akatutazama kwa jicho kali. Sikuona vibaya. Sijui njia nyingine ya kumlilia mtu kama yule.

Habari za ukoo wangu sitazisimulia hapa, isipokuwa jambo moja ambalo bila hilo mengine hayaeleweki: kwetu Sapiwi mimi ndiye wa kwanza kufika chuo kikuu, na kabla yangu hakuna aliyevuka kidato cha nne. Niliporudi kutoka Dar es Salaam na shahada ya fedha, baba alichinja, majirani wakala, na kesho yake watu wakaanza kuniuliza naanza kazi lini. Hawakuuliza kwa ubaya. Kwao kusoma kulikuwa kama kulima, ukimaliza unavuna, na mtu aliyemaliza halafu akakaa tu nyumbani lazima alikuwa na kasoro asiyoisema. Nilivumilia miezi michache. Kisha shangazi yangu, ambaye alikuwa akipeleka maziwa Bariadi mjini, akaniombea chumba kwa mteja wake mmoja, mwanamke wa benki aliyeishi peke yake kwenye nyumba yenye uwanja mpana nyuma ya soko. Wakati huo Bariadi ilikuwa bado ndani ya mkoa wa Shinyanga na barabara ya Lamadi ilikuwa vumbi tupu. Nilifika na begi moja na mfuko wa michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo mama hakukubali niondoke bila kuvibeba. Dada Leokadia aliupokea mfuko, akaunusa, akasema, "Ya kwenu ni myeupe kuliko ya kwetu Zagayu. Karibu mdogo wangu." Jioni ile ile, tukiwa jikoni, aliniambia kwamba baba yake alikuwa mfugaji na amekufa bila kujua kuandika jina lake, na kwamba mama yake yuko hai na naye hasomi. Aliyasema hayo huku akimenya vitunguu, kama mtu anayekutajia mtaa anaokaa.

Sebule yake bado naiona. Kulikuwa na makochi ya kahawia yenye vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, friji iliyonguruma kama mtu mwenye mafua, na kiti kimoja cha plastiki ambacho hakuna aliyekikalia kwa hiari yake. Kiti hicho kilipata kazi baada ya mimi kushindwa usaili mara mbili mfululizo. Wa kwanza ulikuwa Mwanza. Nilijibu vizuri maswali yote ya hesabu, kisha mzee mmoja wa jopo akaniuliza kwa upole, "Na nyumbani je, wazazi wanafanya kazi gani?" Nikasema, "Wapo." Akasema, "Wapo, wanafanya nini?" Nikasema, "Wapo nyumbani." Wakatazamana, na mimi nikatazama zulia. Wa pili ulikuwa Shinyanga, na huko niliamua sitanyamaza tena. Nilimwaga yote, kutembea kwa miguu kwenda shule, kusoma kwa kibatari, kulala njaa chuoni mkopo ulipochelewa. Mama mmoja wa jopo alinipa tishu, akanisindikiza mlangoni amenishika bega, akisema pole sana mwanangu, pole sana. Kazi alipewa mwingine.

Nilipomsimulia Dada Leokadia, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka, si kwa kunidharau, ila kwa namna ya mtu aliyeona duka lina kila kitu lakini mwenye duka hajui bei. "Wa kwanza uliwanyima chakula," alisema, "na wa pili ukawalisha mpaka wakavimbiwa. Jumamosi tuanze mazoezi. Mwambie na yule kijana wa uhasibu anayekaa jirani."

Kijana huyo alikuwa Masanja, naye amemaliza chuo kama mimi, naye wa kwanza kwao, akiishi kwa mjomba wake aliyekuwa na mashine ya kusaga. Basi Jumamosi mchana, Dada Leokadia akitoka kazini, tulikula kwanza. Alikuwa na imani kwamba mtu mwenye njaa hawezi kujifunza kujieleza. Kulikuwa na ugali wa mtama, mlenda, na sato wa Lamadi waliokuja na basi la asubuhi, na baada ya hapo maziwa ya mgando. Kisha yeye na mmoja wetu walikaa kwenye kochi wakawa jopo, na mwingine akakaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya sebule. Masanja alikuwa na ugonjwa tofauti na wangu. Yeye alinyoosha kidole juu na kusema, "Mimi ni mtoto wa mkulima! Nimepambana! Nimetoka chini!" Dada Leokadia alimwachia aendelee hadi alipopumzika, akamwambia, "Masanja, hugombei udiwani. Umepambana na nini? Sema kitu kimoja." Masanja akafungua mdomo akakuta hakuna kitu kimoja, kuna kelele tu, akacheka mwenyewe.

Na mimi alinichimba vilevile. "Usiniambie ulivyoteseka, mateso kila mtu anayo. Niambie ulivyofanya. Wenzako walikuwa na baba wa kumpigia simu na kumwuliza chuo kinaendaje. Wewe ulimwuliza nani?" Nikamweleza siku yangu ya kwanza chuoni. Niliona foleni, nikapanga, kwa sababu niliamini penye foleni ndipo pa kujiandikisha, na nilipofika mbele muuguzi akaniuliza naumwa wapi. Ilikuwa foleni ya zahanati. Masanja alianguka kwenye kochi kwa kicheko, lakini Dada Leokadia aliinua mkono. "Halafu ukafanyaje?" Nikasema nilimwuliza yule muuguzi, naye akanielekeza, na kuanzia siku ile nikawa mtu wa kuuliza bila haya. Na mwaka uliofuata, wanafunzi wapya walipokuja, nilikwenda stendi kuwapokea wale wa huku kwetu, nikawazungusha chuo kizima ili mtu asipange foleni ya zahanati tena. Akaniuliza, "Hayo ya stendi mbona hukuwaambia Shinyanga?" Nikasema sikujua kama ni kitu. "Ni kitu," alisema. "Hicho ndicho wanachotafuta, mtu anayejua njia mpya inavyopatikana na anayerudi kuwachukua wengine. Kwenu kutosoma si sifa yako na si kosa lako. Sifa yako ni ulichokifanya baada ya hapo."

Siku nyingine, tena tukiwa mezani na wala si kwenye mazoezi, niliwasimulia kikao cha baba na ndugu zake kabla sijaenda chuo. Baba mkubwa aliniuliza naenda kusomea nini. Nikasema fedha. Akasema, "Fedha inasomwa? Si inatumiwa tu?" Wazee wakacheka. Kisha akawa makini, akasema, "Mimi nikimpa mtu ng'ombe wangu anifugie, akizaa naona ndama, akifa naletewa ngozi. Hiyo fedha yako ukimpa mtu ikafa, ngozi yake iko wapi?" Nilikuwa na miaka michache tu juu ya ishirini, nimesimama mbele ya wanaume ambao sikuwahi kuwajibu kwa sauti. Nikasema, "Ndicho ninachokwenda kusomea, baba mkubwa. Kuitambua ikiwa inaumwa, kabla haijafa." Baba mkubwa akamgeukia baba, akamwambia, "Mpeleke." Nilipomaliza kusimulia, Dada Leokadia alikuwa ameacha kula. "Minza," alisema, "wewe umeshafanya usaili wa benki, tena kwa Kisukuma, tena ukashinda. Unaogopa nini Mwanza?"

Nikitazama nyuma sasa, mimi ambaye siku hizi nakaa upande wa jopo na kuwaona vijana wakitazama zulia, nashangaa alivyokuwa na subira. Alikuwa anatoka kwenye wiki nzima ya kusikiliza watu wenye shida ya mikopo, na badala ya kulala anatusikiliza sisi bure, tena kwa furaha. Nilimwona kama mtu asiyeogopa kitu. Ndiyo maana jambo lililotokea wiki moja kabla ya Pasaka lilinishika vibaya. Alikuja mwenzake wa kazini, Bwana Deus, mhasibu wa tawi, mtu mcheshi mwenye sauti kubwa. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga karanga, mlango uko wazi. Nikamsikia Bwana Deus akisema, "Wewe Leokadia utaupata tu huo umeneja. Ninyi mmelelewa kwenye vitabu, mzee wako si alikuwa mwalimu mkuu? Sisi watoto wa jembe ndio tunahangaika." Nilingoja nisikie akimsahihisha. Alicheka kicheko kifupi, kisicho chake, akasema, "Aa, ya zamani hayo. Kunywa chai." Nilipoingia na karanga hakuniangalia. Sikumwambia Masanja, wala dada mwenyewe sikumwuliza. Nilijiambia kwamba labda sikusikia vizuri, ingawa nilisikia vizuri kabisa.

Jumamosi iliyofuata tulikula kama kawaida, lakini yeye alikula kidogo. Tulipohamia sebuleni, ilikuwa zamu ya Masanja kuhojiwa, na tayari alikuwa ameshika kiti cha plastiki akikifuta. Dada Leokadia akamwambia, "Niachie mimi leo. Nina usaili wa umeneja makao makuu. Ninyi kaeni kule." Tukakaa kwenye makochi yake, tumebanana kwa adabu. Masanja alikohoa kama mwenyekiti wa jopo, akasema, "Karibu sana Madam. Tueleze kuhusu wewe." Akaeleza vizuri, kazi yake, tawi, wakulima wa pamba aliowahudumia, sauti imetulia. Kisha akanitazama mimi, akangoja. Nilielewa kwamba swali ni langu, na kwamba akitaka kuliepuka angekuwa ameniambia nipike chai. Nikauliza, "Na nyumbani je?"

Friji ilinguruma ikanyamaza. Alikuwa ameweka mikono juu ya magoti kama alivyotufundisha, lakini vidole vilikuwa vinafinyana. "Nilipoanza kazi," alisema, "meneja wa wakati ule aliniuliza mbele ya watu kama baba yangu ni mwalimu mkuu fulani aliyekuwa na jina kama letu. Kabla sijajibu akajijibu mwenyewe, akasema ndiyo maana Kiingereza chako kizuri. Nikanyamaza. Siku ile ilikuwa kunyamaza tu. Lakini ukinyamaza leo, kesho inabidi unyamaze tena, na keshokutwa mtu anakusimulia habari za baba yako ambaye si baba yako, na wewe unaitikia. Mama yangu hajawahi kukanyaga benki yangu. Akija mjini anashukia hapa, anakaa uwanjani ananisubiri. Hajawahi kuniuliza kwa nini. Nadhani anajua." Alivuta pumzi. "Baba yangu alikuwa mfugaji wa Zagayu. Aliuza fahali aliyempenda kuliko wote ili niende sekondari, watu wakamwambia amerogwa, kuuza fahali kwa ajili ya binti. Huyo ndiye baba yangu."

Nilikuwa nimewahi kuona watu wazima wakitugombeza, wakitufundisha, hata wakituomba. Sikuwa nimemwona mtu mzima akishuka kwenye kiti chake kizuri na kukaa kwenye kile cha plastiki mbele ya vijana wasio na kazi, ili afanye yeye mwenyewe lile alilotuambia tufanye. Mwishowe Masanja, Mungu ambariki, alikohoa tena akasema, "Tunakushukuru Madam. Tutakujulisha." Dada Leokadia aliangua kicheko, chake sasa, huku akijifuta macho kwa kiganja.

Hakungoja usaili. Wiki ile ile mama yake alikuja kutoka Zagayu, na asubuhi Dada Leokadia akaniomba nifuatane nao mpaka benki. Bibi yule alikuwa mfupi, amejifunga kanga mpya, Kiswahili chake cha kusuasua. Pale mlangoni alisita, akavua viatu. Dada Leokadia aliinama akamvalisha tena, mbele ya wateja wote, akamshika mkono akamwingiza hadi nyuma ya kaunta, ambako sidhani kama sheria iliruhusu. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Jamani, huyu ni mama yangu mzazi. Mimi na yeye ni wa Zagayu. Marehemu baba alikuwa mfugaji, na kwetu mimi ndiye wa kwanza kusoma." Nilimtazama Bwana Deus. Uso wake ulipita mambo mengi kwa haraka, nadhani alikuwa anakumbuka kila alichowahi kusema. Kisha akasimama, akatoka kwenye meza yake, akainamisha kichwa. "Mwangaluka mayu," alisema, akimwamkia mama kwa Kisukuma. Bibi akaitikia kwa furaha, kisha akaamkiwa na nusu ya kaunta, maana kumbe walikuwa Wasukuma waliokuwa wakizungumza Kiingereza tangu saa mbili. Walimkalisha kwenye kiti cha binti yake, kikazunguka kidogo, akashika meza kwa mikono miwili. "Ng'wanawane," yaani mwanangu, alimwambia, "hapa unafanya nini siku nzima?" Dada Leokadia akamjibu, "Nasikiliza watu, mayu." Bibi akatikisa kichwa akasema kwamba hiyo ni kazi ya marehemu mumewe, yeye ndiye aliyesikiliza kesi za mifugo kijiji kizima.

Umeneja hakuupata mwaka ule. Alirudi kutoka Dar na basi, miguu imevimba, akakuta nimempikia wali na maharage. Alikula sahani mbili kabla ya kusema lolote. "Wamemchukua mwingine," alisema. "Waliniuliza nyumbani, nikawaambia. Mmoja aliandika kitu, mmoja alipiga miayo. Basi. Miaka yote naogopa siku hiyo, kumbe mtu anaweza kupiga miayo." Nilimwambia pole. "Pole ya nini? Nitaomba tena. Ila safari hii nimejibu kila swali mimi mwenyewe, sikuwa na mwalimu mkuu pembeni." Na ni kweli aliomba tena, akaupata, ingawa hayo ni ya baadaye.

Usaili wangu wa tatu ulikuja kiangazi, Mwanza tena, benki nyingine. Dada Leokadia alinionya juu ya mzee mmoja wa idara ya mikopo ambaye yeye alimfahamu kwa sifa tu, mtu wa miwani mizito asiyecheka, aliyejulikana kanda nzima kwa kuwatoa watu jasho. "Huyo usimtafutie tabasamu," aliniambia, "mpe kitu kimoja kimoja." Alikuwepo, amekaa katikati ya mwanamke wa rasilimali watu na mwenyekiti wa jopo. Walianza kwa Kiingereza. Waliponiuliza nyumbani nilisema wazazi wangu ni wakulima wa pamba Sapiwi, hawakusoma, na kwamba jambo la kwanza nililojifunza chuoni ni kuuliza. Nikawaeleza foleni ya zahanati na stendi. Mwanamke alicheka. Mzee wa miwani hakucheka. Akaniuliza, kwa Kiswahili sasa, "Sawa. Mteja hajasoma, anataka mkopo, utamwelezaje kwamba benki ina hofu?" Nikampa ng'ombe na ngozi ya baba mkubwa. Aliandika, hakuinua kichwa.

Mwisho mwenyekiti akauliza kama nina swali. Tulikuwa tumefanya mazoezi ya sehemu hiyo, na nilikuwa na swali zuri kuhusu mafunzo ya waajiriwa wapya, nimelikariri kwa Kiingereza. Sijui kilichonipata. Nilimkumbuka bibi akivua viatu mlangoni, nikasema, "Ndiyo, ninalo. Naomba kujua, kati yenu ni nani aliyekuwa wa kwanza kusoma kwao?"

Nilisikia magari ya barabarani, nikajua nimeharibu. Kisha yule mzee wa miwani, bila kuinua kichwa, aliinua kalamu yake juu kidogo, kama mwanafunzi asiyetaka mwalimu amwone. Mwanamke wa rasilimali watu akamtazama kwa mshangao, wamefanya kazi pamoja miaka, halafu akainua mkono na yeye. Mwenyekiti akageuka kulia, akageuka kushoto, akasema, "Basi mimi mtoto wa mwalimu nimebaki peke yangu." Akaanza kucheka, na ndipo nilipoona meno ya mzee wa mikopo.

Barua ya kazi ilikuja baadaye, na kazi hiyo ndiyo iliyonilea hadi leo. Lakini siku ile sikujua hilo. Nilishuka ngazi, nikasimama nje kwenye kivuli cha jengo, nikampigia Dada Leokadia. Alipokea upesi, nadhani alikuwa ameishika simu mkononi.

"Wamekuuliza habari za kwenu?"

"Wameuliza, dada. Na mimi nikawauliza za kwao."

"Ukawauliza nini?"

Nikamwambia, na nikamwambia walivyojibu. Nikaitazama simu nikidhani imekatika.

"Dada?"

"Nipo," alisema. "Hata yule mzee wa miwani?"

"Yeye ndiye wa kwanza kuinua."

Nikamsikia akivuta kile kiti chake cha kazini, akikaa. Nyuma yake benki ilikuwa inaendelea, mtu anamwita mteja, mtu anagonga mhuri.

"Minza," alisema, sauti imeshuka kabisa. "Kumbe tulikuwa wengi."